Aling'oa Isale kwa Jina la Yesu

Jumapili iliyopita, ndugu msomaji, tulimwacha Eliaichi nyuma ya banda la ng'ombe, panga mkononi, moshi machoni, na mimba ya miezi saba mbele yake. Isale la kaburini lilikuwa linaungua kwa shida, maana isale ni jani lenye maji na halipendi moto. Na nyuma yake alikuwa amesimama mama mkwe wake, Mama Winfrida, hilo likiwa jina lake mwenyewe la ubatizo, mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani.

Kwa wewe uliyechelewa: Eliaichi ni mke wa Kornel, mwongoza wageni mlimani. Wanakaa kwenye kihamba, shamba la migomba la nyumbani, cha marehemu baba mkwe, juu ya Kwa Sadala, pamoja na huyo mama mkwe. Mimba mbili zimemtoka. Alipobeba hii ya tatu alishuka kimyakimya hadi Bomang'ombe, kwa Mtumishi Pamela, mwanamke anayetoa unabii chini ya turubai, akaambiwa neno lililomnyima usingizi: "Kwenu kuna mti umepandwa kaburini. Mti ukisimama, mtoto hatasimama."

Basi akaung'oa. Kwa jina la Yesu, tena kwa sauti.

Sasa alikuwa amejiandaa kwa matusi. Mama Winfrida ni mzee wa usharika, Mlutheri wa zamani, mtu wa kukemea mpaka kuku. Eliaichi alikuwa na maandiko tayari mdomoni, anangoja tu aanzwe.

"Umechoma nini, Eliaichi?"

"Mizimu, mama."

"Mizimu?"

"Ndiyo, mama. Nimekuona kwa macho yangu. Kiangazi chote mahindi yanakauka, wewe unabeba ndoo unakwenda kumwagilia isale la kaburini. Mama, wewe ni mzee wa kanisa! Lile ni tambiko, na mimi tumbo langu siliachii tambiko."

Mama Winfrida alitua mzigo wake. Akautazama moto. Halafu akafanya jambo ambalo Eliaichi hakulitegemea hata kidogo. Akacheka.

Hakikuwa kicheko cha dharau. Alicheka kama mtu aliyevua viatu vilivyokuwa vinambana tangu asubuhi. Eliaichi alisikia nywele zinamsimama. Angetukanwa, angejua la kufanya.

"Umeling'oa na mizizi?"

"Na mizizi, mama."

"Hukubakiza?"

"Sikubakiza."

"Haya." Akafungua mzigo, akaanza kumtupia ng'ombe majani. "Basi ujue lile halikuwa la mizimu. Lile ni la Sifael."

Sifael ni mzee wa ng'ambo ya mfongo, ule mfereji wa kumwagilia unaogawa vihamba viwili. Mjane, mpole, mtu wa kanisani. Asubuhi husalimia kutoka ng'ambo, wala havuki.

Msomaji wa mbali, wewe usiyezaliwa migombani, subiri kidogo nikueleze. Kwa Wachagga isale linaomba msamaha kabla ya mdomo. Ukimkosea mtu ukamletea isale, hawezi kulikataa. Akilikataa, kosa linahamia kwake. Akilipokea linapandwa, na kuanzia hapo jambo lile halisemwi tena, si nyumbani, si kwenye pombe ya mbege, si kanisani. Atakayekuja kuling'oa ametangaza kwamba ugomvi umefufuka.

Eliaichi alilijua hilo tangu utoto wake kule Uru. Lakini masale ya makaburini yako kila kihamba, na tangu aanze kwenda kwenye turubai alifundishwa kuyaona yote kwa jicho moja. Nani angemwambia kwamba hili lilikuwa na habari yake?

Alielewa pale pale. Akaweka panga chini.

"Mama, lilikuwa la msamaha?"

Mama Winfrida alimpapasa ng'ombe shingoni.

"Msamaha wa nini, mama? Baba Sifael alitukosea nini?"

"Jambo la isale halisemwi."

"Lakini isale lenyewe si halipo tena!"

Mama mkwe aligeuka. Macho yake yalikuwa makavu na maangavu kuliko Eliaichi alivyowahi kuyaona.

"Ndiyo," alisema polepole. "Halipo tena. Nilikuwa nawaza hilohilo."

Usiku wa siku ile siusimulii, maana haukuwa na kitu zaidi ya mwanamke mmoja aliyekodoa macho gizani. Jambo moja tu nikuambie. Mama Winfrida, ambaye tangu Eliaichi aolewe alijulikana kwa kutolala, kwa kukohoa na kuzungukazunguka uani mpaka jogoo wa kwanza, usiku ule alilala akakoroma. Na Kornel alikuwa mlimani na wageni, simu haipatikani.

Asubuhi Eliaichi akashuka Bomang'ombe.

Sasa nikuambie mapema ili usipoteze muda ukingoja aumbuke: Mtumishi Pamela hakuwa tapeli. Alikuwa fundi cherehani pale sokoni, akaanza kuona mambo, akaogopa, akaenda kwa wachungaji watatu kuomba aombewe yaondoke, hayakuondoka. Ndipo akatundika turubai. Watu wanafunguliwa pale, wanaanguka, wanainuka wakilia na kwenda nyumbani wepesi. Mimi si mchungaji, siwezi kukuambia kinachowaangusha ni nini.

Eliaichi alimkuta nyuma ya turubai akimenya ndizi za mchana, kichwa wazi, bila kilemba chake cheupe. Bila kile kilemba alionekana mtu wa kawaida kabisa, mtu unayeweza kukutana naye mashineni.

"Bwana asifiwe, mtumishi."

"Amina, mama. Umeung'oa?"

"Nimeung'oa. Lilikuwa isale la msamaha."

Kisu kikasimama kwenye ndizi.

"La msamaha wa nani?"

"Wa jirani. Limepandwa kabla sijaolewa. Mama mkwe hataki kusema zaidi."

"Yesu wangu."

"Ni wewe uliyeniambia ni mti wa mizimu!"

"Sikusema mizimu, mama. Kumbuka vizuri. Nilisema naona mti kaburini. Mizimu tuliisema sisi, mimi na wewe, hapa hapa tulipokaa, kwa sababu mti wa kaburini sisi tunajua ni mizimu." Akaweka kisu chini. "Sikumuuliza Mungu ni mti gani."

"Hukumuuliza?"

"Foleni ilikuwa ndefu."

Eliaichi angecheka kama lingekuwa tumbo la mtu mwingine. Alijishika kiuno.

"Na lile neno lingine? Kwamba mti ukisimama mtoto hatasimama? Na lile tulilisema sisi?"

Pamela alifuta mikono yenye utomvu kwenye khanga yake, kidole kimoja kimoja.

"Hapana," alisema. "Lile nililisikia. Kati ya yote, lile ndilo nililolisikia vizuri."

"Sasa mti si nimeshauangusha? Mtoto si atasimama?"

"Sijui, mama. Nilisema nilichosikia. Sijui kama nilielewa nilichosikia. Piga magoti tuombe."

Siku zote Mtumishi Pamela akiomba hupaza sauti mpaka wauza mitumba wa barabarani wanaitikia amina. Leo aliomba taratibu, mkono kwenye kichwa cha Eliaichi. Akaomba, akaomba, kisha akauondoa mkono ghafla kama aliyegusa sufuria jikoni.

"Nini, mtumishi?"

"Naona maji."

"Maji gani?"

"Yanashuka kwa nguvu. Njia yake ni nyembamba. Ndani yake kuna mtoto."

Eliaichi alishika tumbo. "Ni wangu?"

"Sijui."

"Muulize! Safari hii muulize, nakuomba, foleni haipo!"

Pamela alifumba macho. Midomo yake ilitikisika kwa muda mrefu, na jasho likamtoka juu ya mdomo. Alipofumbua, macho yake yalikuwa ya mtu mwenye hofu kama ya kwako na yangu.

"Hanijibu. Rudi nyumbani, mama. Kamuulize mama mkwe wako haya maji ni ya nini."

"Si ulinifundisha kwamba damu ya Yesu inatosha? Kwa nini nihangaike na mama mkwe?"

"Inatosha. Lakini mtu akiwa ameshika neno moyoni mwake kwa nguvu, damu haimvunji vidole ili aliachie. Nenda."

Mama Winfrida alikuwa jikoni, amekaa kwenye kigoda, anakatakata ndizi za mtori. Alikuwa anaimba wimbo wa tenzi puani. Eliaichi hakumbuki kama aliwahi kumsikia akiimba siku isiyo ya ibada.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umerudi? Amesemaje huyo anayeona?"

"Ameona maji."

"Na huku maji yanakosekana wapi? Kila kihamba kina mfongo wake."

"Yanashuka kwa nguvu kwenye njia nyembamba, mama. Na ndani yake kuna mtoto."

Sufuria ilimtoka mama mkwe magotini. Ndizi zikasambaa jivuni, na hakuinama kuziokota.

"Nani amemwambia?"

"Hakuna aliyemwambia."

"Nani amemwambia huyo mwanamke habari za Eliona wangu?"

Jina la Eliona Eliaichi alilijua kutoka kwenye msalaba mdogo wa saruji kihambani, pembeni ya kaburi la baba mkwe, pale pale lilipokuwa isale. Aliambiwa ni mtoto wa kwanza wa nyumba hii, alikufa kwa surua.

"Si alikufa kwa surua, mama?"

"Surua!" Mama Winfrida akapiga kofi goti lake. "Surua ndiyo tuliyokubaliana, kwa sababu isale likishapandwa lazima kitu kisemwe. Kaa chini. Kaa, usije ukaanguka na hilo tumbo. Umelichoma mwenyewe, basi na maneno yake uyasikie mwenyewe."

Akasimulia, macho kwenye mafiga.

Mwaka ule ulikuwa wa ukame. Maji ya mfongo yaligawanywa kwa zamu, na mzee wa mfongo alikuwa mkali. Siku ile ilikuwa zamu ya nyumba hii. Kabla maji hayajafunguliwa kutoka kwenye bwawa la juu, mfongo lazima usafishwe majani, na kazi hiyo ni ya watoto kwa sababu wanaenea mle ndani. Mama Winfrida akamtuma Eliona. Alikuwa bado hajaanza shule.

"Sifael kahawa yake ilikuwa inakauka. Akapanda bwawani kabla ya wakati. Akafungua."

Eliaichi aliweka mkono mdomoni.

"Nilimkuta chini kule kwenye daraja la mawe. Alikuwa bado ameshika jani la mgomba." Sauti yake haikutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo lililotisha. "Sifael akasema kingo zilibomoka zenyewe. Wazee wakasema bahati mbaya. Mume wangu akanyamaza. Basi mimi nikachukua chungu cha mbege, nikaenda mfongoni, nikakipasua kwenye jiwe. Nikasema: Sifael, uzao wako uishie tumboni, na uzao wa uzao wako."

"Mama!"

"Ndiyo. Mimi. Huyu huyu anayekusanya sadaka."

"Ikawaje?"

"Mke wake mimba ikamtoka. Akabeba nyingine, ikatoka. Ndipo ukoo wao ukaja na isale. Wazee wamekaa pale uani wote, mume wangu ananikazia macho. Ningelikataaje? Nikalipokea, likapandwa pale kwa Eliona. Na haukupita muda mke wa Sifael akazaa mtoto wa kiume, mzima, mwenye mapafu ya kulia."

"Bwana asifiwe."

"Ngoja, usimsifu bado. Mimi tangu Eliona sikubeba tena. Mtoto yule alipoacha ziwa, Sifael alivuka mfongo naye mgongoni, akamweka hapa, kizingitini. Akasema, mmoja kwa mmoja. Akageuka akaenda zake. Ndiyo mara yake ya mwisho kuvuka."

"Mtoto huyo yuko wapi sasa?"

Mama Winfrida alimtazama mkwewe kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi mzito.

"Yuko mlimani na wageni wake. Atarudi Jumamosi."

Jiko lilizunguka. Eliaichi alishika nguzo. Kornel! Kornel wake, anayemwita Sifael "baba jirani" na kumpelekea mkungu wa ndizi kila Krismasi, hajui kitu. Na hapo hapo akili yake ikafika mahali ambapo hakutaka ifike. Kama Kornel ni uzao wa Sifael, basi huyu aliyemo tumboni ni nani?

Uzao wa uzao wako.

Kilichokuwa kimeifunika ile laana ni isale, na isale alilikata yeye, kwa panga la nyumbani, kwa jina lipitalo majina yote. Watu wazima wanasema mchuma janga hula na wa kwao. Hapa janga lilichumwa na mama mkwe, na sahani aliletewa Eliaichi.

Alilia, msomaji, alilia bila kujificha. Alijifuta kamasi kwa khanga, akapata wazo, akalishika kama mtu anayezama.

"Mama, sikiliza. Tupande jingine. Leo hii. Baba Sifael alete jingine, wewe ulipokee, mambo yarudi kama yalivyokuwa. Nitakwenda kumwomba mimi, kwa magoti."

Kabla mama mkwe hajajibu, sauti ya kiume ilipiga hodi uani.

Hakukuwa na haja ya kwenda kumwomba. Alikuwa amekuja. Mzee Sifael alisimama kati ya banda na jiko, amevaa koti lake la kanisani, viatu vimelowa maji ya mfongo. Mkongojo ameuacha chini. Kwa mikono miwili alishika isale bichi, limetoka kukatwa.

"Shikamoo, baba," Eliaichi alisema. Sasa aliyaona. Masikio yale ya Kornel, na lile bega moja lililoshuka. Miaka yote alikuwa anayaona ng'ambo ya mfongo na hakuyaona.

"Marahaba, mwanangu." Kisha akamgeukia mwenye nyumba. "Mama Eliona."

Hakuna aliyekuwa anamwita hivyo. Kijiji kizima kinamwita Mama Kornel. Mama Winfrida alishtuka kama aliyepigwa.

"Nimeuona moshi jana," alisema Sifael. "Leo nimeliona shimo. Kama maneno yamerudi, na mimi nimerudi."

Akapiga magoti. Magoti ya mzee hayapigwi kwa mara moja. Alishuka kwa vipande, akatua kwenye udongo, akanyoosha isale mbele yake.

"Pokea, mama," Eliaichi alinong'ona. "Mama, pokea."

Mama Winfrida alikuwa ameficha mikono nyuma, ndani ya khanga.

"Mara ya kwanza nilipokea," alisema. "Ilisaidia nini? Hebu tuambie, Eliaichi. Mimba zako mbili zilipotoka, isale lilikuwa limesimama au limelala?"

Lilikuwa limesimama. Lilikuwa la kijani, limenawiri, linamwagiliwa kila jioni.

"Umeona? Mtumishi wako aliuona mti, hakuona mizizi yake. Mimi nililipokea kwa mkono, Eliaichi. Moyo ulikuwa bado kule kwenye daraja la mawe. Nilikuwa nalimwagilia kwa hofu, kwa sababu nilijua likikauka hakuna kitu kingine kilichobaki. Nimeokoka mimi wakati wa uamsho. Nimesimama mbele ya usharika nikatubu uongo, nikatubu wivu, nikatubu mbege. Hilo sikulitubu. Nikilitubu si itabidi nimsamehe?"

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Hawakutuonya kwamba anayeficha anaweza kuwa mmoja na asiyezaa akawa mwingine.

"Unataka nini kwangu, Mama Eliona?" aliuliza Sifael kutoka chini. "Nimekupa mwanangu. Nimemwona akikua ng'ambo ile, akioa, akizika huyo unayemwita baba yake. Nimesalimiwa kama jirani. Nikupe nini tena?"

"Neno." Sauti ya Mama Winfrida ilipanda kwa mara ya kwanza. "Walinipa jani wakanifunga mdomo. Sikuruhusiwa kukuuliza hata swali moja. Sasa jani limeungua, nauliza. Kingo zilibomoka zenyewe?"

"Hapana. Nilifungua mimi. Haikuwa zamu yangu."

"Ulimwona?"

"Sikumwona. Haki ya Mungu sikumwona."

"Ulimsikia?"

Hapa, msomaji, mzee angeweza kusema hapana. Nani angejua? Hata mimi ningemshauri aseme hapana. Eliaichi alimwombea kimoyomoyo aseme hapana. Lakini Sifael alikuwa amechoka kubeba, na mtu aliyechoka hutua mzigo popote, hata juu ya mguu wa mwenzake.

"Nilisikia sauti," alisema. "Nikadhani ni watoto wanacheza. Nikafungua."

Hata ng'ombe aliacha kutafuna.

"Kwa hiyo aliita," alisema Mama Winfrida.

"Aliita."

"Ee Ruwa." Alimwita Mungu kwa Kichagga, taratibu, kama anayemwita mtu aliye chumba cha pili. "Aliita."

Kanisani tunafundishwa kwamba kweli humweka mtu huru. Eliaichi aliitazama kweli ikifanya kazi yake kwenye uso wa mama mkwe, na alichokiona hakikuwa uhuru. Uso ule ulikuwa unafunga, dirisha moja baada ya jingine.

Akajitupa magotini, tumbo na vyote, akalishika gauni la mama mkwe.

"Mama, pokea. Usimwangalie yeye. Niangalie mimi. Kornel si ni mwanao?"

"Kornel ni mwanangu. Nilimlea, nikampenda mpaka nikasahau alikotoka. Lakini siku zote akicheka, anacheka kama huyu."

"Pokea kwa ajili ya mtoto wake!"

"Nikipokea nitapokea kama mwanzo. Mkono tu, moyo haumo. Unataka nimdanganye Mungu mara ya pili?"

"Mdanganye!"

Neno lilimtoka kabla hajalipima, naye hakulirudisha. Mwanamke huyu aliyefunga na kuomba, aliyepakwa mafuta, aliyechoma jani la jadi kwa ajili ya wokovu, alikuwa sasa anaomba hivi, machozi yanamwingia mdomoni:

"Mdanganye, mama. Mdanganye Mungu. Dhambi nitaibeba mimi, nitajibu mimi siku hiyo, niende motoni mimi. Mdanganye tu mtoto wangu azaliwe."

Mzee Sifael alianza kulia bila sauti.

Kisha mkono wa Mama Winfrida ukatoka ndani ya khanga. Ulikuja mbele polepole. Sifael akainua isale juu kidogo ili aufikie. Eliaichi akabana pumzi.

Mkono ukapita juu ya isale bila kuligusa. Ukashuka mpaka kwenye tumbo la Eliaichi, ukatulia hapo. Ukabonyeza. Ukahama upande wa pili, ukabonyeza tena, vile anavyompapasa ng'ombe mwenye mimba kila asubuhi. Hasira ilikuwa imemtoka usoni yote kwa mara moja, na kilichobaki mahali pake kilimwogopesha Eliaichi kuliko hasira.

"Eliaichi," alisema kwa sauti ya chini sana. "Mara ya mwisho mtoto amecheza lini?"

Eliaichi alifungua mdomo ajibu. Leo mchana alikuwa na mama mkwe. Asubuhi alikuwa na mtumishi. Usiku alikuwa na hofu, na jana alikuwa na panga. Aliirudia siku nzima, akairudia na ile iliyotangulia, akitafuta teke moja tu, hata dogo, na hakulipata.